Albamu Ni Ileile, Hukumu Ni Nyingine: Kwa Nini Maoni Kuhusu Roki ya Indie Hayatulii

Mwaka 1996 wasomaji wa jarida la Rolling Stone waliitaja Pinkerton, albamu ya pili ya bendi ya Marekani iitwayo Weezer, miongoni mwa albamu mbovu kuliko zote za mwaka huo. Mwaka 2002 wasomaji wa jarida hilohilo waliipa nafasi ya 16 katika orodha ya albamu bora za nyakati zote. Miaka miwili baadaye jarida lenyewe likaipa nyota tano, na toleo lake jipya lilipotoka mwaka 2010, tovuti ya uhakiki wa muziki ya Pitchfork iliipa alama 10 kati ya 10. Kati ya mwaka ule wa matusi na huu wa sifa, hakuna noti hata moja ya albamu ile iliyorekodiwa upya. Magitaa yanakwaruza palepale, na sauti ya mwimbaji wao, Rivers Cuomo, inapasuka mahali palepale ilipopasuka siku ya kwanza.

Maelezo yanayokuja haraka ni kwamba watu walikosea, kisha muda ukawasahihisha. Ni hadithi tamu, na mashabiki wa roki ya indie wanaipenda kuliko wengine wote, maana inawafanya waliopenda mapema waonekane manabii. Mimi naikubali kwa robo tu. Ukiichunguza kauli "maoni yamebadilika" utakuta mambo kadhaa yasiyohusiana sana yamechanganywa humo: mazoea ya sikio, umri wa msikilizaji, shinikizo la umati, bendi zilizokuja baadaye, na siku hizi hata kompyuta zinazochagua wimbo unaofuata. Tena kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: maoni ya jumla kuhusu albamu yanaweza kupinduka kabisa bila mtu hata mmoja kubadili maoni yake.

(Wenye msimamo mkali watasema Weezer hawakuwa indie hata kidogo, kwa kuwa walirekodi chini ya Geffen, lebo kubwa (yaani kampuni ya kurekodi muziki), na indie maana yake ni lebo huru kama Merge, Matador, Rough Trade au Touch and Go. Ni kweli. Lakini watu walioifufua Pinkerton ndio haohao waliokuwa wakinunua santuri za lebo hizo, na mkasa wake hauna mfano bora.)

Wapiga kura si walewale

Waliopiga kura mwaka 1996 walikuwa wamenunua albamu ya kwanza ya Weezer, ile ya jalada la buluu ya mwaka 1994, yenye utani, viitikio vya kuimbwa na uwanja mzima na sauti iliyong'arishwa studioni. Walirudi dukani wakitaka nyingine kama ile. Wakakuta kitu kichungu: magitaa machafu, ngoma zinazovuma kama zimepigwa chumba cha jirani, na mtu mzima akilia upweke na tamaa zake bila aibu. Wakakasirika, na hasira ile ilikuwa na mantiki yake.

Sasa waangalie walioshika kalamu mwaka 2010. Wengi wao mwaka 1996 walikuwa vijana wa sekondari. Hawakuidai Weezer chochote. Waliipata albamu chumbani, wakiwa wapweke kama mwimbaji, na ikawaingia. Miaka kumi na minne baadaye wao ndio wahakiki, wahariri na wapiga magitaa. Wale wazee wa 1996 hawakushawishiwa na mtu, waliondoka tu. Aliyeichukia albamu hana sababu ya kuendelea kuizungumzia, wala hataombwa kuandika uhakiki wa toleo lake la kumbukumbu. Anayebaki ukumbini ni anayeipenda.

Orodha kubwa za majarida zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Rolling Stone ilipotoa orodha yake ya albamu 500 mwaka 2003, ya kwanza ilikuwa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya Beatles. Mwaka 2020 jarida lilikusanya wapiga kura upya, zaidi ya 300, wa rika na aina nyingi zaidi za muziki, na kiti cha kwanza kikaenda kwa What's Going On ya Marvin Gaye, Sgt. Pepper ikaangukia nafasi ya 24. The Velvet Underground & Nico, ambayo karibu kila bendi ya indie huitaja kama bibi yake, ilitoka nafasi ya 13 hadi ya 23. Kwa sehemu kubwa, walioulizwa safari hii walikuwa watu wengine.

Kwa roki ya indie jambo hili lina nguvu mara dufu kwa sababu ukumbi wenyewe ni mdogo. Albamu iliyouza mamilioni ina wapenzi na maadui wengi mno kiasi kwamba sifa yake husogea polepole. Iliyouza nakala elfu chache inaweza kugeuzwa na watu mia mbili wenye bidii, wakiwa ndio wenye kuandika na wenye kuanzisha bendi.

Sikio na mazoea yake

Tumwache mpiga kura, tumtazame msikilizaji mmoja, maana naye hubadilika kweli. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kukutana na kitu mara kwa mara kunatosha kutufanya tukipende zaidi, hata bila sababu nyingine. Miaka michache baadaye Daniel Berlyne alieleza mpaka wa jambo hilo: raha hupanda kwa mazoea hadi kileleni, kisha hushuka. Kilele kinakuja lini hutegemea ugumu wa kitu chenyewe. Wimbo mwepesi hufika juu haraka na kuchosha haraka. Wimbo mgumu huanza kwa kukera, ukapanda polepole, ukachelewa kuchosha.

Chukua Loveless ya My Bloody Valentine, iliyotolewa na lebo ya Creation mwaka 1991. Mara ya kwanza inasikika kama spika imeharibika. Magitaa yamerundikwa mpaka huwezi kuyatenganisha, sauti yake inayumba juu na chini kwa sababu Kevin Shields hulivuta gitaa akiwa ameushika mkono wa kutikisa nyuzi, na waimbaji wamezamishwa chini ya kelele hizo kiasi kwamba maneno hayashikiki. Msikilizaji anayeisikia mara moja na kuandika kwamba hakuna nyimbo humo ndani hajadanganya. Kwake hazipo bado. Sikio linahitaji kujifunza kwanza kipi ni ukuta na kipi ni mlango, na baada ya muda viitikio hujitokeza, tena vitamu, karibu vya kitoto. Pale mtu anaposema "nimebadili maoni kuhusu Loveless," mara nyingi maana yake ni kwamba sasa ndiyo anaisikia.

Kinyume chake kipo, na hakisimuliwi kwa sababu si hadithi ya ushindi. Kuna albamu zinazokupa kila kitu ndani ya wiki mbili: kiitikio kinachoruka, ngoma za kuchezeka, gitaa moja lenye makali. Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Baada ya mwaka unazikuta kabatini na huna hamu nazo, ingawa huwezi kutaja kosa lake lolote. Mimi sioni kwamba albamu ya wiki mbili ilikudanganya. Ilikupa wiki mbili nzuri. Tatizo ni la orodha za mwisho wa mwaka, ambazo huandikwa albamu nyingi zikiwa bado hazijafika kwenye kilele chake, na nyingine zikiwa zimekipita.

Pesa nayo iliingia humu. Enzi za santuri, kaseti na CD, mtu alinunua albamu moja kwa fedha ya kuumiza, akakaa nayo. Hata ikimkera, aliirudia. Kama nadharia ya mwanasaikolojia Leon Festinger ya mwaka 1957 ingetabiri, akili haipendi kukiri kwamba mwenyewe alilipa kwa ajili ya takataka, hivyo hutafuta uzuri mpaka uupate. Wakati mwingine uzuri ulikuwapo kweli. Spotify, iliyoanza mwaka 2008, huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa zikipita sekunde 30, na msikilizaji asiyevutiwa ndani ya sekunde hizo anaruka bila hasara. Kwa hiyo albamu ngumu leo hainyimwi sifa na masikio mabaya, inanyimwa marudio. Inaachwa pale ambapo Pinkerton na Loveless nazo zingeachwa.

Umri, na kumbukumbu inayojiandika upya

Mwaka 1989 watafiti Morris Holbrook na Robert Schindler waliwachezea watu wa umri kuanzia miaka 16 hadi 86 vipande vya nyimbo zilizovuma katika miongo mbalimbali. Upendeleo ulifika kileleni kwa nyimbo zilizovuma msikilizaji alipokuwa na takriban miaka 23 na nusu. Hizo zilikuwa nyimbo za umaarufu mkubwa, hazikuwa indie, na sitaing'ang'ania namba yenyewe. Lakini mwelekeo wake unajulikana kwa kila aliyewahi kubishana na mtu aliyemzidi miaka kumi kuhusu bendi gani "iliokoa" gitaa. Mmoja atasema Pavement, mwingine The Strokes, mwingine Arcade Fire, na ukipiga hesabu ya miaka utakuta kila mmoja anataja ujana wake.

Kinachonivutia zaidi ni utafiti wa mwaka 2013 wa Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson, uliohusisha watu zaidi ya 19,000. Sehemu yake moja ilihusu bendi. Kundi la kwanza liliulizwa lingelipa kiasi gani leo ili kuiona bendi wanayoipenda sasa ikipiga miaka kumi ijayo. Wastani ulikuwa dola 129. Kundi la pili liliulizwa lingelipa kiasi gani kuiona, hivi karibuni, bendi waliyoipenda miaka kumi iliyopita; wastani ulikuwa dola 80. Watu wanajua vizuri kwamba ladha yao imehama, lakini hawaamini kwamba itahama tena. Kila mmoja anadhani leo ndiyo ladha yake imefika nyumbani.

Kumbukumbu nayo hufanya kazi yake kimyakimya. Mwanasaikolojia Michael Ross alieleza mwaka huohuo wa 1989 jinsi watu wanavyoyajenga upya maoni yao ya zamani kwa kuanzia na yale waliyonayo sasa. Ndiyo maana ni vigumu sana kumpata mtu anayekumbuka kwamba aliichukia Pinkerton ilipotoka. Kwa jinsi wanavyosimulia, wote waliipenda. Ajabu ni kwamba hawakuinunua.

Umri pia hubadilisha maneno bila kuyagusa. Katika wimbo wa Across the Sea, Cuomo anaimba kuhusu barua aliyopokea kutoka kwa shabiki msichana wa miaka 18 aliyeko Japani, na anavyomtamani bila kumjua. Kijana wa miaka 16 husikia humo ukweli mtupu: hatimaye mtu amesema jinsi upweke unavyomfanya mtu kuwa mjinga. Akiwa na miaka 35, pengine akiwa mzazi, husikia mwanamume mzima akimfanya mgeni kuwa ndoto yake, na kiti kinaanza kumchoma. Usikivu wa pili haufuti wa kwanza. Wa kwanza ulisikiliza kutoka kwa aliyeandika wimbo, wa pili unasikiliza kutoka kwa aliyeandika barua. Hivyo Pinkerton, iliyochukiwa kisha ikatukuzwa, iko katika zamu ya tatu sasa, na wanaoiuliza maswali magumu ni watu walioipenda.

Cuomo mwenyewe alizunguka vilevile. Mwaka 2001 aliiponda albamu hiyo hadharani na kuiona kama kosa lililomuumiza. Mwaka 2010 bendi ilizunguka Marekani ikiipiga jukwaani, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Umati, na alama yenye nukta

Kuhusu umati, tuna jaribio zuri kuliko mengi katika sayansi ya jamii. Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, waliweka mtandaoni nyimbo 48 za bendi zisizojulikana na kuwaalika wasikilizaji zaidi ya 14,000. Baadhi walisikiliza bila kuona wengine wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika makundi manane, na kila kundi liliona idadi ya upakuaji ya kundi lake tu. Nyimbo zilezile, watu wa aina ileile, makundi manane yasiyoonana.

Matokeo yake ni kwamba kila kundi lilipata mashujaa wake. Nyimbo bora kabisa hazikuanguka sana na mbovu kabisa hazikupanda sana, lakini kati ya hizo lolote liliwezekana. Wimbo wa bendi ya 52metro, ambao kwa waliosikiliza bila kuona chaguo za wengine ulikuwa wa 26, yaani katikati kabisa, ulishika nafasi ya kwanza katika kundi moja na ya 40 katika jingine. Tofauti ilianzia kwa wapakuaji wachache wa mwanzo, kisha umaarufu ukajilisha wenyewe.

Roki ya indie ya miaka ya 2000 iliishi ndani ya jaribio hilo, isipokuwa mpakuaji wa kwanza alikuwa na jina: Pitchfork. Tovuti hiyo iliyoanzishwa na Ryan Schreiber katikati ya miaka ya 1990 ilitoa alama kuanzia 0.0 hadi 10.0, na nukta ile ya desimali ilizipa hukumu zake sura ya kipimo cha maabara. Mwaka 2004 Funeral ya Arcade Fire, bendi ya Montreal isiyokuwa na jina kubwa, ilipewa 9.7, ndani ya miaka saba bendi hiyo ilikuwa imeshika tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka kwa The Suburbs. Mwaka huohuo wa 2004 Travistan ya Travis Morrison, aliyekuwa kiongozi wa bendi iliyopendwa ya Dismemberment Plan, ilipewa 0.0. Morrison alisimulia baadaye jinsi watu waliokuja kwenye maonyesho yake walivyogeuka ghafla, wakionekana hawana hakika kama wanaruhusiwa kuwapo. Hao walikuwa watu wenye masikio yao.

Oktoba 2021, katika kuadhimisha miaka 25 yake, Pitchfork ilifanya jambo ambalo wahakiki hulikwepa: ilizirudia albamu 19 na kuzipa alama mpya. Turn On the Bright Lights ya Interpol, ya mwaka 2002, ilishushwa kutoka 9.5 hadi 7.0. Take Offs and Landings ya Rilo Kiley ilipandishwa kutoka 4.0 hadi 8.0, Stories from the City, Stories from the Sea ya PJ Harvey kutoka 5.4 hadi 8.4, na albamu ya Liz Phair ya mwaka 2003 yenye jina lake mwenyewe kutoka 0.0 hadi 6.0.

Hiyo ya Phair inafaa kutazamwa kwa utulivu. Alikuwa ameheshimika kwa Exile in Guyville ya mwaka 1993, iliyotolewa na Matador. Miaka kumi baadaye alifanya kazi na watayarishaji wa nyimbo za redio na kutoa albamu ya pop bila kificho. Mwaka 2003 hilo lilikuwa kosa la jinai katika nchi ya indie. Kufikia 2021 sheria yenyewe ilikuwa imefutwa: waandishi vijana walikua wakisikiliza pop na roki bila ukuta katikati, na wengi hawakuelewa shtaka lilikuwa nini. Matt LeMay, aliyeandika uhakiki ule wa sifuri, alikuwa ameshaomba radhi hadharani mwaka 2019. Angalia pia kwamba katika hizo tatu zilizopandishwa, anayeimba ni mwanamke. Si sadfa, nadhani. Chumba kilichotoa alama za mwanzo kilijaa vijana wa kiume, na kile kilichozirekebisha hakikuwa hivyo.

Sasa, je, 7.0 ya Interpol ndiyo alama ya kweli na 9.5 ilikuwa homa? Siamini. Albamu ile ilikuja mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 katika jiji la New York, nyumbani kwa bendi, na ubaridi wake, besi yake inayotembea mbele ya gitaa na sauti ya Paul Banks isiyotabasamu vilisikika kama jiji lenyewe. Msikilizaji wa 2021 hayuko ndani ya jiji hilo. Ameshasikia waigaji wengi wa sauti hiyo, na bendi yenyewe imetoa albamu kadhaa zinazofanana na hiyo bila kuifikia. Mhakiki wa 2002 alijibu swali "hii inafanya nini kwetu sasa?" Wa 2021 alijibu "imebaki na nini?" Kuzifanya namba hizo mbili zigombee kiti kimoja ni kulazimisha majibu ya maswali mawili yafanane.

Wajukuu

Albamu hupanda au kushuka kwa sababu ya zile zinazoifuata, jambo ambalo wanamuziki wenyewe hawana mamlaka nalo. The Velvet Underground & Nico ilitoka mwaka 1967 na wakati huo haikuvuka nafasi ya 171 kwenye chati ya Billboard. Sifa yake haikurudi kwa sababu watu waliitoa kabatini na kuisikiliza upya. Ilirudi kupitia kwa wengine waliotumia mkwaruzo wake, hadithi zake za mitaani na uimbaji wake usiojali, mpaka masikio ya kawaida yakazoea.

Spiderland ya Slint ni mfano safi zaidi kwa indie. Vijana wanne wa Louisville, Kentucky, waliirekodi mwaka 1990 kwa siku chache. Ilipotolewa na Touch and Go mwaka 1991 bendi ilikuwa imeshavunjika. Hapakuwa na ziara, wala mtu wa kuihojia. Sauti inanong'ona, gitaa linatembea kwa hesabu zisizo za kawaida, kisha kila kitu kinalipuka. Mtayarishaji Steve Albini, aliyewahi kufanya kazi nao, aliandika wakati huo kwamba baada ya miaka kumi itakuwa alama ya njia. Ikawa. Bendi kama Mogwai za Uingereza zilichukua minong'ono na milipuko ile na kuijenga upya kwa ukubwa zaidi, na aliyezisikia hizo kwanza aliiendea Spiderland akiwa tayari anajua lugha yake.

Lakini kuwa na wajukuu wengi kuna gharama. Anayeisikia Spiderland leo baada ya miaka ishirini ya bendi zinazonong'ona na kulipuka anaweza kuuliza kwa haki kabisa ajabu iko wapi. Mlipuko anautarajia. Alichokuwa nacho msikilizaji wa 1991, yaani kutojua kitakachofuata, hakiwezi kurudishwa na toleo lolote lililosafishwa sauti.

Halafu kuna American Football, bendi ya wanafunzi wa Illinois iliyotoa albamu moja mwaka 1999 kupitia Polyvinyl na kutawanyika baada ya chuo. Kwa miaka mingi ilisambaa kwa kupeanwa faili mtandaoni, mpaka toleo jipya la mwaka 2014 liliwafanya warudi jukwaani. Nyumba nyeupe ya jaladani huko Urbana ilikuwa imekuwa mahali pa hija, na mwaka 2023 bendi, lebo yao na washirika wengine waliinunua ili isibomolewe. Hapo tumeshatoka kwenye kusikiliza. Mtu anayesafiri kwenda kupiga picha mbele ya nyumba ya jalada la albamu haulizi tena kama wimbo wa sita ni dhaifu.

Mashine isiyo na maoni

Damon Krukowski, mpiga ngoma wa Galaxie 500, aliandika mwaka 2018 kuhusu jambo lililomshangaza. Wimbo wao Strange, kutoka On Fire ya mwaka 1989, ulikuwa umewaacha mbali wenzake kwenye Spotify, ingawa haukuwahi kuwa singo na haukuwa kwenye orodha yoyote kubwa. Alifuatilia, na ikaonekana kwamba kupanda kulianza Januari 2017, Spotify ilipouwasha kwa kila msikilizaji mpangilio wa kuendeleza muziki pale chaguo lake linapokwisha. Mfumo ulichagua Strange kwa sababu ndio wimbo wao unaofanana zaidi na nyimbo za watu wengine: una kasi zaidi kidogo, sauti kubwa, mpangilio wa kawaida. Galaxie 500 walipendwa kwa uvivu wao wa ajabu, kwa jinsi walivyochelewa. Mashine ikawachagulia wakati ule mmoja waliposahau kuwa wao.

Pavement walipata jambo la namna hiyo. Harness Your Hopes, wimbo wa ziada uliotolewa mwaka 1999 baada ya kuachwa nje ya albamu, umekuwa wimbo wao unaosikilizwa kuliko wote mtandaoni, ukizipita nyimbo za Slanted and Enchanted na Crooked Rain, Crooked Rain ambazo wahakiki wamezisifu kwa miaka thelathini. Mwaka 2022 ukatengenezewa hata video. Kijana anayeijua Pavement kupitia wimbo huo ana Pavement tofauti na ya baba yake, yenye mlango mwingine wa kuingilia, na akienda kwenye albamu atazisikia zote kwa kipimo cha wimbo ambao bendi yenyewe iliuacha.

Sitaki kulalamika sana. Mashine hiyohiyo na video fupi za simu ndizo zilizomrudishia msikilizaji Duster, bendi ya San Jose ambayo Stratosphere yake ya mwaka 1998 ilipita bila kelele. Waliokuwa hawajazaliwa ilipotoka ndio waliojaza kumbi iliporudi. Ni haki iliyochelewa. Lakini mashine haikutoa hukumu yoyote. Ilisikia mfanano, ikasogeza kitu, kisha binadamu wakakuta idadi kubwa ya wasikilizaji na, kama wale wa Salganik, wakaichukulia kuwa ushahidi.

Pale albamu yenyewe inapobadilika

Mpaka hapa nimesema sauti haibadiliki. Si kweli mara zote. Mwaka 2012 Shields alitoa Loveless upya kwenye CD mbili, kila moja ikitokana na chanzo tofauti cha rekodi zilezile, na mashabiki bado wanabishana ipi ndiyo Loveless.

Will Toledo wa Car Seat Headrest alikwenda mbali zaidi. Twin Fantasy aliirekodi peke yake mwaka 2011 akiwa na miaka 19, kwa vifaa duni, akaiweka kwenye tovuti ya muziki ya Bandcamp. Albamu hiyo inahusu penzi lililokuwa likiendelea kichwani mwake wakati huo, na sauti yake mbovu, iliyosongamana, ikawa sehemu ya mapenzi ya mashabiki kwake. Baada ya kusainiwa na Matador aliirekodi yote upya na bendi kamili, akaitoa mwaka 2018. Nyimbo ni zilezile, karibu zote kwa majina yaleyale, na kwa mpangilio uleule. Lakini baadhi ya maneno yamebadilishwa, maana aliyeimba mwaka 2011 alikuwa ndani ya hadithi na wa 2018 anaikumbuka.

Hakuifuta ya kwanza. Zote mbili zinapatikana, moja ikiitwa Mirror to Mirror na nyingine Face to Face, na mashabiki wamegawanyika. Walioanza na ya 2011 hulalamika kwamba ya pili ni safi mno, kwamba maumivu yamepigwa pasi. Walioanza na ya 2018 huifungua ya zamani na kuuliza mbona ngoma hazisikiki. Wapo pia wanaohama kutoka upande mmoja hadi mwingine kadiri miaka inavyokwenda, na hao ndio ningependa kuwasikiliza, kwa sababu wana ubeti uleule, uliotungwa na mtu yuleyule, katika sauti mbili, na wanaweza kukuonyesha kwa kidole mstari uliowahamisha.